Karanga za Binti

Kifua kikuu kilimchukua mke wa Mugeta, kikamchukua na mwanawe wa kiume, naye Mugeta aliyewauguza hakukohoa hata siku moja. Tangu hapo hakuna ndugu pale Nyegina aliyekula kitu kutoka mkononi mwake. Walisema kawala yeye, kwa uchawi.

Ndiyo maana alimwomba daktari kutoka Musoma awaeleze ndugu wote, uani.

"Mzee wenu hana kosa," daktari alisema. "Wapo watu wanaozaliwa na mwili mgumu kushikwa na ugonjwa huu."

Binti wa Mugeta, aliyekuwa akimgawia shangazi karanga, akacheka kwa dharau. "Kuzaliwa nao? Mbona mimi nililala chumba kimoja na mama, nikamshikia kopo la makohozi, na ni mzima?"

"Basi huenda umerithi kwa baba yako."

Shangazi akaacha kutafuna. Akamtazama binti, akamtazama Mugeta, kisha akainama na kutema. Karanga zilizobaki kiganjani akazimwaga chini, akajifuta mkono kwenye kitenge, kidole kimoja kimoja.

Binti aliganda na bakuli lake.

Mugeta akamnyooshea kiganja. "Nipe mimi, mama."