Ngoma ya Makofi

"Kila kofi mtakalopiga," fundi mitambo aliwaambia watazamaji, "litaingia mashineni na kutoka likiwa ngoma, na ngoma hiyo ndiyo itakayomchezesha Somoe, huyu hapa jukwaani." Kifuani alikuwa amemfunga kidude kilichosikiliza moyo wake na kuuvumisha ukumbini.

Bishara, dada yake Somoe, alikaa mstari wa mbele. Kwao, yeye ndiye aliyempigia mdogo wake ngoma za kupunga pepo, na alimjua vizuri: akishapandwa, hatulii mpaka ngoma inyamaze.

Makofi yakapamba moto. Somoe akazunguka, akatetemeka, jasho likamchuruzika. Kisha akapiga magoti, akagonga sakafu kwa kiganja. Hiyo ndiyo ishara ya aliyepandwa kuomba ngoma ikome. Ukumbi ukaona ni madoido, ukazidi kushangilia.

"Acheni! Mtamuua!" Bishara alipiga ukelele. Sauti yake nayo ikaingia mashineni, ikatoka ngoma kali kuliko zote. Somoe akanyanyuka tena, kama leso iliyoshikwa na upepo.

"Vizuri sana, mama, endelea hivyo hivyo," fundi alimwambia akimrudisha kitini. "Wanapenda."

Bishara akajiziba mdomo kwa kanga.

Somoe akaanguka. Kwenye spika ukabaki moyo wake tu. Watu wakaufuata kwa makofi, taratibu, kila pigo na kofi lake. Pigo likachelewa. Lililofuata likachelewa zaidi. Ukumbi mzima ukatulia, mikono juu, ukisubiri kupiga kofi jingine.