Chatu Aliyetaka Shikamoo

Alikuwapo Chatu mmoja mwenye majivuno marefu kuliko mwili wake. Mgongoni mwake, toka mkiani hadi kichwani, walijipanga sisimizi. Hao ndio waliokuwa mishipa yake ya fahamu. Mkia ukiguswa, sisimizi wa kwanza alidondosha tone la harufu, jirani yake akalinusa, naye akadondosha lake, na kufumba na kufumbua Chatu alikwisha kujikunja.

"Habari zinaniingilia bila hodi, kama kuku!" alifoka Chatu. "Kuanzia leo, hakuna tone kabla ya salamu."

Siku hiyo hiyo Nguchiro akaanza kuutafuna mkia.

"Shikamoo," sisimizi wa mkiani akamwambia jirani yake.

"Marahaba. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo. Na mama mkwe?"

Chatu hakuhisi kitu. Nguchiro akatafuna akipanda, akawapita wakiulizana habari za mavuno, mpaka shingoni.

"Shikamoo, Mtukufu," akasema kwa unyenyekevu.

"Marahaba!" Chatu akatabasamu. "Hatimaye, mwenye adabu!"

Nguchiro akamng'ata koo.

Jioni habari ikamfikia sisimizi wa mwisho. "Shikamoo, Mtukufu," akasema. "Kuna mgeni mkiani."

Akasubiri marahaba. Mpaka leo anasubiri.