Jina Kwenye Jezi za Jubilei

"Dada, futa jina la mama yako," mwenyekiti wa klabu yetu ya kijijini aliniambia kwenye simu. "Andika mwanzilishi ni mheshimiwa mbunge. Si ndiye mfadhili?"

Nilikuwa ng'ambo, katika soko la nguo la Shahe, kwenye duka la kuchapa jezi.

"Klabu inaanzishwa, mbunge alikuwa hajazaliwa! Mama yangu Bibiana aling'oa migomba yake mwenyewe ili mpate uwanja. Na hata arobaini yake haijafika."

"Marehemu hachezi mpira, dada."

Herufi za jina lake zilikuwa zimepangwa mgongoni mwa jezi ya kwanza, bado hazijabanwa kwa mashine ya joto. Moja ilikuwa imejikunja. Niliinyoosha kwa kidole.

Laoban, Mchina mwenye duka, alishika mpini wa mashine akinisubiri.

"Bana," nilimwambia, simu ikiwa bado hewani. "Zote sitini."