Zamu Yangu ya Alhamisi

Siku hizi blogu haiachwi kimya. Ukichelewa kuandika, mtambo unaandika badala yako, kwa jina lako na sauti yako, na sheria haikupi nafasi ya kukataa.

Mimi nilizoea kuchapisha kila Ijumaa makala kuhusu ubunifu wa michezo. Kila Alhamisi jioni mke wangu, Mwanaidi, alikaa nami mezani tukajaribu mchezo mpya kwa vifuniko vya soda. Alikuwa akiniibia zamu, nami nikijifanya sioni. Akianza kuiba, najua mchezo umenoga.

Macho yaliponisumbua nikabadili ratiba, niandike mara moja kwa mwezi. Wasomaji si watasubiri?

Ijumaa iliyofuata mtambo ukachapisha mchezo wa simu, ambamo msomaji anashindana na mimi. Yaani na huo mtambo unaojiita mimi.

"Huu umeupatia, Baba Rehani," Mwanaidi akanisifu.

"Si wangu huo!"

"Mbona una jina lako?"

Jana, Alhamisi, nikamwaga vifuniko mezani nikamwita. Akaitikia kutoka chumbani, lakini hakuja. Nikamfuata. Alikuwa amejilaza, anacheka na simu, nayo simu inamwambia kwa sauti yangu: "Umeniibia zamu, Mama Rehani, nami najifanya sioni."

Hilo sikuwahi kuliandika popote.

"Mwanaidi, vifuniko viko tayari," nikasema.

Akainua kidole bila kunitazama.

"Ngoja kidogo, Baba Rehani. Ni zamu yako."

Nikasimama mlangoni, nikaisikia zamu yangu ikichezwa.