Asiusikie Msumeno

Mteja alichomeka spika masikioni, akafungua mkoba, akatoa msumeno, akaanza kukata kipande cha ubao alichokuja nacho.

"Baba, hapa ni dukani!" aling'aka Mama Spika kutoka nyuma ya kaunta.

Mzee, aliyekuwa amejikalia kwenye stuli tangu aingie, aliendelea tu kukata. Aliupitisha msumeno mara tatu, akatikisa kichwa, akazichomoa spika.

"Bado nausikia. Nipe nyingine."

Mama Spika alikuwa akiuza spika za masikioni kwa mwaka wa tisa sasa, na hakuna sikio lililowahi kumshinda. Hizo za kwanza zilikuwa za kwaya, zinazochambua kila sauti. Lakini kwaya ikivuta pumzi tu, msumeno unapenya. Akampa za muziki wa dansi, zinazolifanya gitaa lilie kama limefinywa. Nazo zikakataliwa.

"Kwani ni za nani?"

"Za mtu wangu wa karibu. Hakuna aliye karibu naye kuliko mimi."

"Anapenda muziki gani?"

"Wowote. Shida yangu si muziki, mama. Nataka alale chali, msumeno ufanye kazi yake, na yeye asiwe na habari. Saa mbili tu zinatosha."

Moyo wa Mama Spika ukampiga paa. Duka la jirani lilikuwa la sonara, na kila mchana sonara huyo hulala chali chumba cha nyuma, muziki masikioni, dhahabu yake nyuma ya dirisha la nondo. Nondo hukatwa kwa nini, kama si msumeno?

"Zipo za rege," alisema. "Zina mpira laini, zinaziba sikio lote. Besi yake humeza kila kelele."

Mkono mmoja ukampa mzee spika. Wa pili, chini ya kaunta, ukamwandikia mlinzi wa jengo kwa simu: *Njoo mbio. Mwizi.*

Mzee alichomeka, akafumba macho, akakata. Akakata tena, kwa nguvu zaidi, mpaka ubao ukaanguka vipande viwili. Ndipo akatabasamu.

"Hapo sasa! Kimya kabisa! Nifungie hizi."

Mlinzi aliingia kama upepo. Alimnyang'anya msumeno, akamkamata ukosi, akamnyanyua mzimamzima. Mzee akatoa yowe, akaporomoka tena kwenye stuli, jasho likimtiririka.

"Usijilize hapa!" mlinzi alifoka. "Sema! Msumeno huu ulitaka kumkatia nani?"

Mzee alihema kwanza. Kisha akapandisha suruali taratibu, bendeji ikaonekana kuanzia kifundo hadi gotini.

"Wa kukatwa ni mimi, mwanangu. Kesho asubuhi hospitalini, mguu huu. Ganzi watanichoma kiunoni tu. Masikio yatabaki macho."