Mshale wa Chini ya Rangi

Niliusugua mshale mwekundu uliochorwa kwenye jiwe kwa pamba iliyolowa mafuta ya taa, na chini yake ukatokea mwingine mweupe, umeelekea upande wa pili.

Ule mweupe niliuchora mimi, miaka kumi na minane iliyopita, palepale kwenye genge la mlima tulikolichimbua. Jiwe halibanduliwi kabla hujalichora mshale wa kuonyesha upande wake wa juu.

Katikati ya jiwe unapita mstari wa udongo mweusi, usiozidi upana wa kidole. Ndio alama ya kifo cha dinosau na viumbe wengi wa baharini. Aliyeganda chini yake aliishi kabla, aliye juu alinusurika. Profesa tuliyemchimbia alijipatia jina kwa konokono wa baharini wa jiwe hili, ambao kwa mshale mwekundu wako juu, yaani walinusurika. Nilipomwambia kwamba mimi niliwaona chini, aliangua kicheko mbele ya wanafunzi.

"Mama, wewe tuoshee mawe tu."

Nikaosha. Miaka yote hiyo nikidhani akili yangu ndiyo iliyopinda.

Mlango ukafunguliwa. "Bado tu, mama? Wageni wameshakaa, wanasubiri kuliona."

"Tayari, Profesa."

Nikalibeba mwenyewe hadi kwenye kabati la kioo ukumbini, nikaliweka mshale mweupe ukitazama juu, konokono wote chini. Nikafunga, ufunguo nikautia kifuani, nikakaa kiti cha mbele.