Ski Ndefu Kama za Nyange

"Chukua hizi zinazokufika kidevuni," fundi wa duka la kukodisha ski, zile mbao za kutelezea kwenye theluji, alimwambia Barasa. "Si umesema unaenda kuruka na kuzunguka hewani? Ndefu zitakusumbua, kaka."

Barasa wala hakumsikia. Macho yalikuwa nje kwenye theluji, kwa Nyange, ambaye ski zake zilimpita kichwa, na Salome kasimama naye anacheka mpaka anajishika mbavu. Na Salome alialikwa na Barasa, si mtu mwingine!

"Nipe kama za yule."

"Yule anashuka mlima mzima, anataka mwendo. Halafu ni mrefu."

"Kwani mimi mfupi?"

Fundi akampa ndefu.

Kule juu Salome akamfuata, ski fupi miguuni. "Nyange ashuke zake peke yake. Pale chini nilikuwa namsimulia vituko vyako vya kuruka. Twende basi, tukaruke!" Kisha akatazama chini. "He, Barasa, hizo za nini?"

"Tangulia, nakuja."

Salome akatangulia. Barasa akajaribu kugeuka amfuate, ski zikapandana. Ncha moja ikaelekea kwa Salome, nyingine bondeni, na yeye akabaki katikati, kang'ang'ania fimbo zake.